Sahihi Iliyohamia Johannesburg

Kolwezi, Manika, tarehe 6 mwezi wa pili 2024

Mdogo wangu Godefroid,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi ni mzima. Mama ni mzima pia, ingawa magoti yanamsumbua tangu mvua zianze na hataki kusikia habari ya fimbo, anasema fimbo ni ya wazee. Juzi alikwenda Kasaji kwa shangazi Agnès, akarudi na unga wa mihogo, samaki wakavu na malalamiko ya safari nzima. Mwanangu Gael amepata alama nzuri shuleni na ananisimamia hapa nikuandikie hivyo, kwa sababu anataka umkumbuke kwa viatu.

Nakuandikia kwa mkono kama tulivyopatana. Tangu msiba wa Tata, baba yetu, kila tukizungumza mambo mazito kwa simu tunaishia kugombana. Kwa karatasi angalau kila mtu anamaliza maneno yake. Barua hii anakuletea Donatien, dereva wa lori letu la shaba. Wasipomshikilia sana mpakani Kasumbalesa, utaipata kabla mwezi haujaisha.

Sasa neno lenyewe. Tumepokea waraka wa makao makuu, na chini yake kuna jina lako, wewe wa idara ya hazina. Unasema kuanzia mwezi wa tatu akaunti yetu ya Kolwezi itafagiwa kila jioni, fedha zote ziende kwenye akaunti kuu ya Johannesburg, na malipo yote yaidhinishwe huko. Mimi niliyekuwa mkuu wa fedha wa kampuni tanzu ya Kolwezi nabaki na kisanduku cha kununulia sukari na sabuni. Mkurugenzi wetu, Tata Kalenga, alisoma waraka mara mbili, kisha akavua miwani. "Mama Fidélie, uyu Godefroid haiko mudogo yako?" Nikamjibu ni yeye, nilimbeba mgongoni mwenyewe. Watu ofisini wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni iliniuma.

Fedha zichukueni, sibishani. Neno langu ni moja tu: bon. Unaijua tangu utotoni. Mfanyakazi wetu akiumia, au mtoto wake akizidiwa na malaria, hospitali haimpokei bila fedha mezani, isipokuwa kampuni iandike bon, yaani ahadi kwamba tutalipa mwisho wa mwezi. Mpaka leo naiandika mimi, napiga muhuri, mgonjwa anaingia. Waraka wako unasema "dhamana zote na ahadi zote za kulipa" ni za makao makuu peke yake. Nadhani ulikuwa unafikiria dhamana za benki, zile kubwa kubwa, hukukumbuka bon. Niandikie kwamba bon inabaki hapa. Mstari mmoja unatosha.

Dada yako,
Fidélie


Johannesburg, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Yaya Fidélie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na Gael. Huku sisi ni wazima. Mke wangu Glodie amepata kazi ya nusu siku, na mtoto ameanza shule, sasa anatusahihisha Kiingereza chetu mbele ya wageni. Viatu vya Gael nimevinunua, Donatien anavyo. Mwambie Mama fimbo si ya wazee, ni ya wenye akili.

Yaya, usiuone waraka ule kama tusi. Kundi letu lina kampuni tanzu tano. Mwaka jana Kolwezi ilikuwa na fedha zilizolala benki bila kazi, na siku hiyohiyo wenzetu wa Ndola walikuwa wanakopa kwa riba ya kutisha ili wanunue matairi. Ni nyumba moja: chumba hiki wanamwaga chakula, chumba kile wanalala na njaa. Kila kampuni ilikuwa na sahihi yake, benki yake na rafiki yake ndani ya benki. Mhasibu wa Likasi alitoroka, unajua alitoroka na nini. Hazina ikiwa moja, tunajua kila jioni tuna nini na tunadaiwa nini, na benki zinatuheshimu. Hii ni kazi niliyosomea, na naiamini.

Kuhusu bon, sikuisahau. Niliifikiria kabla ya kitu kingine chochote. Wewe na mimi tunajua bon za Kolwezi zinavyotembea. Shangazi Agnès alipasuliwa kwa bon, akiwa ameandikwa mke wa fundi ambaye hajawahi hata kumpikia bukari. Tulicheka sana siku ile. Ukikaa huku ukaona jumla ya akina shangazi wote, hucheki. Bon ni ahadi, ahadi ni deni, na madeni ya kundi yanasainiwa mahali pamoja. Siwezi kufungua mlango huo kwa Kolwezi tu kwa sababu Kolwezi ni kwetu.

Ikitokea dharura ya kweli, nipigie. Mimi ni ndugu yako, hutanikosa.

Mdogo wako,
Gode


Kolwezi, tarehe 28 mwezi wa nne 2024

Mheshimiwa Hazina Kuu,

Salamu kutoka kwa raia wako. Viatu vilifika, Gael analala navyo. Mama anakushukuru, fimbo ameikataa. Anauliza kama Noeli utakuja, na mimi nimemjibu kwamba safari yako lazima iidhinishwe kwanza. Ntambwe, fundi wa gereji yetu, yule aliyekufundisha kuendesha pikipiki ukamvunjia taa, anakusalimu sana. Mke wake Marlène amejifungua mtoto wa tatu, msichana. Walimwandikisha kwenye karatasi za kampuni asubuhi ya pili tu, maana Ntambwe si mtu wa kuchelewa.

Barua yako niliisoma mara nyingi, nikaielewa. Habari ya Ndola na matairi ni ya kweli, hata mimi ningekasirika. Lakini nikueleze tunavyoishi huku. Niliomba betri ya lori. Mtu wenu akaniuliza kama lori linaweza kusubiri. Nikamwandikia kwamba limesubiri vizuri sana, halijalalamika hata kidogo. Nadhani hakuelewa, kwa sababu alinishukuru. Mafuta ya jenereta yaliidhinishwa umeme uliporudi. Tata Kalenga, mkurugenzi mzima mwenye mvi, anakuja mezani kwangu kunong'ona kama mtoto anayetaka kwenda kujisaidia: "Johannesburg banasema nini?" Namwambia banafikiria.

Yote hayo ningeyameza. Ninachoshindwa kumeza ni hiki: mwenzangu wa Likasi anatuma ombi asubuhi, jibu analipata kabla ya chakula cha mchana. Kasumbalesa vilevile. Langu linalala wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Nimekosa nini, Gode? Wa Likasi waliibiwa na mhasibu wao, na wao ndio wanaoaminiwa. Kwangu haijapotea hata stempu. Niambie kama kuna mtu amenisema vibaya, nijue.

Na juu ya shangazi Agnès, ndiyo, tulikosea. Lakini yule mama yu hai.

Fidélie


Johannesburg, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Salamu kwako na kwa Mama. Samahani kwa kuchelewa, Donatien alikaa Kasumbalesa foleni ndefu na barua yako ikafika imelowa. Mpe Ntambwe pongezi, na mtoto Mungu amkuze.

Hakuna aliyekusema vibaya. Nilipoingia kazi hii nilitangaza kwa wakubwa kwamba mkuu wa fedha wa Kolwezi ni dada yangu wa tumbo moja. Wakanisifu. Tangu hapo maombi yako siyagusi. Anayapitia mwenzangu kwanza, kisha mkaguzi, kisha yanarudi kwa mwenzangu. Ya Likasi na mengine yanakuja moja kwa moja kwangu, ndiyo maana yanakwenda haraka. Unajua wanavyotusema huku: Mkongomani akipata kiti, anaketisha ukoo mzima. Sitaki hata mmoja alitamke neno hilo juu yangu. Ukichelewa kidogo ndipo mimi ninabaki safi, na wewe pia unabaki safi.

Mwezi wa nane watachagua mkuu wa hazina wa kundi zima. Niombee, na mwambie Mama aniombee.

Gode


Kolwezi, tarehe 19 mwezi wa saba 2024

Godefroid,

Salamu nimeziacha. Uniwie radhi, au usiniwie.

Ntambwe amekufa. Najua ofisi yako imeshapata taarifa, lakini nataka uisome kwa mkono wangu. Jumanne asubuhi alikuwa chini ya lori, jeki ikateleza, lori likamshukia nyonga. Vijana waliliinua, wakamtoa akiwa na akili zake. Tulimpeleka kliniki ya karibu kwa gari la mkurugenzi. Alikuwa ameshika mkono wangu njia yote na ananiomba samahani kwa kuchafua kiti.

Njiani niliandika bon. Ndiyo, niliiandika. Kile kitabu cha zamani nilikuwa sijakirudisha. Nilisaini, nikapiga muhuri, nikaweka mezani kwa yule binti wa mapokezi. Alinihurumia, hakuwa mbaya. Akafungua droo akatoa barua. "Mama, bon yenu haitumike tena. Batu ba Johannesburg banatuandikia. Ona, njo jina ya patron wenu." Lilikuwa jina lako. Uliwaandikia hospitali zote za Kolwezi kwamba bon iliyosainiwa hapa ni karatasi tupu, na mimi hukuniambia. Barua zote hizi, viatu vya Gael, maneno ya Ndola, na hilo hukuliandika.

Nikamwambia Ntambwe kwamba kuna shida kidogo. Unajua alisemaje? "Mama Fidélie, usigombane nabo. Piga ku Gode. Gode atabaambia." Alikuwa anatabasamu, Gode. Alikuwa na uhakika kabisa na wewe.

Nilikupigia. Simu yako haikuwa imezimwa, iliita mpaka mwisho. Nikapiga tena, na tena. Tata Kalenga akapiga kwa simu yake. Nikatuma ombi kwa njia ya kazi, nikaandika DHARURA kwa herufi kubwa. Jibu la mwenzako lilifika baadaye, la adabu kabisa: tuambatishe makadirio ya bei ya hospitali tatu tofauti, kama waraka unavyotaka kwa huduma yoyote kutoka nje. Nilimsomea Tata Kalenga kwa sauti, akatoka nje akaenda kusimama peke yake uani.

Wafanyakazi walivunja likelemba yao, ule mchango wanaopokezana kila mwezi. Zamu ilikuwa ya mlinzi aliyetaka kununua mabati. Alitoa zote bila kuulizwa. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Daktari alipokubali kuanza, damu ilikuwa imevuja ndani siku nzima. Alikufa kabla hawajampasua. Marlène alikuwa ukutani na mtoto mgongoni, na hakulia mpaka alipouliza mara mbili kama nimesema kweli.

Tumemzika Jumamosi. Kampuni imetuma shada la maua. Hilo liliidhinishwa siku hiyohiyo.

Nina swali moja, nalo sitaki ulijibu kwa waraka. Uliiona simu yangu?

Fidélie


Johannesburg, tarehe 25 mwezi wa nane 2024

Yaya yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta nyote katika afya njema, wewe, Mama na Gael, na ndugu wote wa Kasaji na Mutshatsha. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baridi inapungua. Glodie amepata kazi ya siku nzima, na mtoto ameng'oka jino.

Msiba wa Ntambwe umetuumiza sana. Alikuwa mtu mwema. Nimempa Donatien bahasha kwa ajili ya Marlène. Ni yangu mwenyewe, si ya kampuni, nakuomba umkabidhi.

Yaya, najua una uchungu na nauelewa. Lakini tusichanganye mambo. Jeki iliyoteleza si hazina. Barua kwa hospitali iliandikwa kwa sababu watu wa nje lazima wajue ni nani ana mamlaka ya kusaini. Usipowajulisha, kila sahihi ya zamani inaendelea kutufunga kama deni. Kampuni yoyote inayojipanga hufanya hivyo. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaumia.

Unauliza juu ya simu. Siku ile tulikuwa na kikao cha wakurugenzi kuanzia asubuhi, simu zote zikiwa mezani mbele ya kila mtu. Kulikuwa na simu nyingi siku ile.

Kuna jambo lazima nikuambie mapema. Ile bon uliyoiandika ni ahadi iliyotolewa kwa jina la kundi bila mamlaka. Wamefungua faili. Mimi nimejitoa, siwezi kukaa kwenye kesi ya dada yangu. Nakushauri uandike kwamba ulichanganyikiwa, kwamba hukuuelewa waraka. Wakiona umekiri watakuonya tu.

Wamenichagua. Nilitaka uisikie kwangu.

Gode


Johannesburg, tarehe 20 mwezi wa kumi 2024

Yaya,

Salamu kwako na kwa Mama. Nilikuandikia, hujajibu. Donatien anasema uliipokea barua mkononi na ukamshukuru. Nimesikia ulikataa kuandika kwamba hukuelewa, na nimesikia uamuzi wao. Nilisoma barua ya kukuachisha kazi kabla haijatumwa. Sikuruhusiwa kusema kitu.

Lakini nina habari njema, nilitaka uwe wa kwanza kuijua. Nimebadilisha utaratibu. Kuanzia mwezi huu kila kampuni tanzu inaweza kusaini bon za matibabu yenyewe, kwa wafanyakazi na watoto wao walioandikishwa, mpaka kiwango fulani. Sikuhitaji kikao, kama sikukihitaji kwa waraka ule wa kwanza. Niliandika mwenyewe mchana mmoja, nikasaini, nikatuma. Hospitali za Kolwezi zimeshajulishwa. Wakubwa wamefurahi, wamesema inaonyesha tunajifunza. Nadhani hata Ntambwe angefurahi.

Yule waliyemweka mahali pako hajui mji. Mwaka ujao naweza kuzungumza na watu urudi. Nipe muda kidogo. Noeli nakuja, tiketi nimekata, mwambie Mama. Tutakaa tuzungumze kama ndugu.

Gode


Mutshatsha, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2024

Godefroid,

Salamu. Utaona nimeandika kutoka Mutshatsha. Nyumba ya Manika nimeiacha, kodi ilinishinda. Niko huku na Mama na Gael kwenye kiwanja cha Tata. Nauza unga na mafuta ya mawese karibu na stesheni, na kila mtu ananunua bila idhini ya mtu. Mama amezeeka sana mwaka huu. Fimbo anaitumia sasa, usimtanie.

Waraka wako mpya Tata Kalenga alinitumia picha yake. Ni mzuri, nausifu bila kejeli. Mgonjwa mwingine ataingia, mama mwingine hatasimama ukutani. Lakini katika barua yako, nilipofika pale ulipoandika kwamba ulihitaji mchana mmoja na sahihi yako peke yako, niliikunja karatasi. Mwezi wa pili nilikuomba mstari mmoja. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba ulikuwa umefungwa mikono huko juu, kwamba kuna Wazungu fulani waliokukatalia. Sasa umeniandikia mwenyewe. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye uliyefuta. Hakuna aliyekuzuia, Gode. Uliogopa tu kusemwa.

Kazi yenu siitaki. Usizungumze na watu kwa ajili yangu. Na kwamba Ntambwe angefurahi, hilo usilirudie mbele yangu, nakuomba kwa heshima iliyobaki kati yetu.

Bahasha nilimpa Marlène. Aliipokea kwa sababu watoto wanakula. Hakusema asante na sikumdai. Amerudi kwao, kijiji cha jirani tu na hapa, tunaonana sokoni. Mtoto yule ameanza kutambaa.

Sasa habari ya Noeli. Mama ameshaanza kufagia chumba chako. Siku ile ya Ntambwe aliniuliza kama nilikupigia. Nilimwambia nilikupigia, lakini ulikuwa ndani ya ndege. Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Ana mtoto wa kiume mmoja tu, sikutaka ampoteze akiwa bado hai. Tangu hapo anawasimulia majirani kwamba Gode angepokea tu, yule fundi angekuwa mzima.

Marlène amesikia unakuja. Ameniambia, "Mi nitakuja kumusalimia. Siko na maneno mingi. Nataka tu aniambie kama alionaka ile simu." Mwanzoni nilitaka kumzuia, nikapanga hata la kumwambia. Nimebadili nia. Mimi uliniandikia kwamba kulikuwa na simu nyingi, nikanyamaza kwa sababu mimi ni dada yako na barua inaweza kukunjwa. Yeye utamjibu kwa mdomo.

Nimemwambia aje mchana, siku ya pili baada ya Noeli, tukishakula. Atakaa kwenye mkeka na mtoto wake, wewe utapewa kiti kama mgeni. Mama atakuwa katikati yenu, maana hapendi kukaa mbali nawe, na mpaka leo anaamini ulikuwa ndani ya ndege.

Fidélie